Siku Tisa Nje ya Mageti ya Balozi, Berlin

Jumapili

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuhesabu matofali ya watu wengine, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba hata ukiwa likizo huwezi kupita kando ya ukuta bila kuupigia hesabu. Basi nilipopata siku tisa za mapumziko nikaomba viza, nikaenda Berlin kutazama majengo ya balozi. Shangazi yangu, ambaye ameishi huko tangu sijaanza shule, alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. "Wenzako wanakuja kuona Ukuta, wewe unakuja kuona balozi? Mwanangu, huko hata kivuli cha mti kina mlinzi."

Nimechagua Berlin kwa sababu moja. Tarehe 20 Juni 1991 wabunge wa Ujerumani walipiga kura kuamua kama Bunge na serikali vibaki Bonn, makao yake ya wakati huo, au vihamie huku. Berlin ilipita kwa kura 338 dhidi ya 320. Serikali ikahama mwaka 1999, na serikali ikihama mabalozi nao hufungasha. Kwa miaka michache iliyofuata, nchi moja baada ya nyingine ilikata utepe katika mji huu. Leo unaweza kutembea kwa miguu kutoka ufunguzi mmoja hadi mwingine, ukasoma kwenye kuta jinsi kila taifa lilivyotaka kuonekana siku ile.

Shangazi anaishi Wedding, kwenye eneo linaloitwa Afrikanisches Viertel, ambako mitaa ina majina kama Togostraße na Sansibarstraße. Kuna barabara pale iliyopewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, mwaka 1939. Agosti 2024 ilipewa majina mapya, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Wajerumani husoma j kama y, kwa hiyo majirani wanasema "Mayi-Mayi". Shangazi amewasahihisha mpaka amechoka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Kaa hapo nikuambie jinsi ubalozi unavyofunguliwa, usije ukapoteza nauli ya basi bure."

Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kuhudumia hafla. Katika miaka ile ya kukata utepe walikuwa hawalali. Ubalozi mmoja, ambao hataki niutaje, uliwaita siku moja kabla ya ufunguzi. Walikuta viti vimeshapangwa na kila kimoja kina karatasi ya jina. Kijana wa itifaki amesimama mahali pa balozi, mwingine mahali pa waziri, wa tatu anatembea na saa mkononi akihesabu hatua kutoka garini hadi kwenye pazia. Ukutani kuna kibao cha marumaru kimefunikwa kitambaa cha rangi za bendera. Kijana akavuta kamba. Kitambaa hakikutoka. Akavuta tena. Wapi! Ikabidi aitwe fundi, naye akaomba mshumaa, akaupitisha kwenye reli ya pazia kama mtu anayepaka siagi. Walipojaribu tena, kitambaa kikateleza vizuri mno.

"Kesho yake," shangazi anasema, "mheshimiwa akavuta. Kikashuka kitambaa, ikashuka reli, zikashuka na skrubu zake. Watu wakapiga makofi kama vile ndivyo ilivyopangwa. Mimi nimeshika sinia, nimeuma mdomo."

Lakini kilichonikaa si reli. Shangazi alisema kwamba ofisi zile zilikuwa zikifanya kazi kwa miezi miwili kabla ya siku hiyo. Watu walishachukua viza, madawati yalishachafuka, mashine ya kahawa ilishaharibika mara ya kwanza. Ule ubalozi ulifunguliwa ukiwa umefunguliwa zamani.

Jumatatu

Basi namba 100 lina kituo kinachoitwa Nordische Botschaften, balozi za nchi za Kaskazini. Nimeshuka hapo saa nne asubuhi, majani yanapukutika, na mbele yangu umesimama ukuta wa kijani ambao kwa mbali nilidhani ni ua wa michongoma.

Ni shaba. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden ziliamua kujenga pamoja, kiwanja kimoja, na ukanda wa shaba unauzunguka uwanja wote: urefu wa mita 226, kimo cha mita 15, mabamba karibu 4,000. Shaba hiyo ilitiwa rangi ya ukijani tangu mwanzo, ile rangi ambayo kwa kawaida huisubiri miongo kadhaa ya mvua. Mpango mzima ulichorwa na Alfred Berger na Tiina Parkkinen, kisha kila nchi ikatafuta msanifu wake wa kuchora jengo lake ndani ya uzio. Majengo yamepangwa kama nchi zenyewe zilivyo kwenye ramani, na mabwawa yaliyo katikati yanasimama badala ya bahari. Norway imeweka mbele yake jiwe moja la graniti, kipande kimoja tu, kimo cha mita 14, uzito wa tani 120. Nilikaa kwenye ukingo nikijaribu kukadiria gharama ya kusafirisha jiwe lile. Niliacha nilipofika kwenye bima.

Ufunguzi ulikuwa tarehe 20 Oktoba 1999, wakuu wa nchi zote tano wakahudhuria. Nawaza yule kijana wa itifaki. Wafalme na marais katika uwanja mmoja, nani anatangulia mlangoni? Nani anavuta kamba? Nchi tano maana yake nyimbo tano za taifa, na kabla hata ya kuanza, wa mwenyeji.

Jambo la busara zaidi walilofanya lina jina dogo: Felleshus, nyumba ya wote. Ni jengo la sita, halina bendera moja, ndani yake kuna maonyesho, ukumbi na kantini, na mtu yeyote anaingia. Nimeingia. Mlinzi kanitazama begi, kaniambia karibu kwa kichwa. Nimepanda ghorofani nikatazama picha za barafu kwa saa nzima, sijaulizwa natoka wapi. Majengo mengine matano yako mita chache tu kutoka pale, nyuma ya kioo, na huko hupiti bila miadi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Kila ubalozi lazima uamue uweke wapi mlango wa watu na uweke wapi mlango wa siri, na kila mchoro wa ubalozi ni ugomvi kati ya milango hiyo miwili. Hawa waliumaliza ugomvi kwa kuwajengea watu nyumba yao pembeni. Kama mkadiriaji nawapa alama za juu. Kama mgeni nimebaki nikijiuliza kama nimekaribishwa au nimepewa kiti barazani.

Jumanne

Leo nimetembea Tiergartenstraße yote, bustani kushoto, bendera kulia.

Eneo hili halikuwa la mabalozi kwa bahati. Albert Speer, msanifu wa Hitler, alipopanga kuijenga Berlin upya, alitaka eneo la zamani la balozi karibu na mto Spree libomolewe kupisha ukumbi mkubwa usio na mfano. Balozi zikaambiwa zihamie huku. Italia na Japan, washirika, zikajengewa majumba mazito ya mawe kati ya 1938 na 1942. Kisha yakaja mabomu. Jumba la Italia lilibaki gofu nusu yake kwa miongo mingi, miti ikimea ndani, kabla ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2003. Lina rangi ya waridi iliyofifia, na nguzo zake bado zinazungumza kwa sauti ya wakati ule. Unaweza kubadilisha bendera, lakini nguzo zilizopangwa kumtisha mtu zitaendelea kumtisha.

Mbele kidogo, namba 17 na 18, India na Afrika Kusini wamekaa ubavu kwa ubavu. India ilileta mawe mekundu kutoka Rajasthan, na jua la mchana likiyapiga unaweza kusahau kwamba uko nyuzi kumi za baridi. Ya Afrika Kusini ilifunguliwa mwaka 2003, na ndiyo iliyonisimamisha muda mrefu zaidi. Mmoja wa wasanifu wake, Luyanda Mpahlwa, alifungwa Robben Island miaka mitano kwa siasa za kupinga ubaguzi. Alipotoka akaja Berlin uhamishoni, akasomea usanifu majengo hapa hapa. Mtu aliyekuja mji huu bila serikali ya kumtetea akarudi kuijengea serikali yake nyumba. Nimesoma vibao vingi vya ufunguzi maishani mwangu, vyenye majina ya waliovuta kamba. Ningependa kuona kibao kimoja kinachosema mchoraji alilala wapi kabla ya hapo.

Miguu inauma. Shangazi ameniandalia maji ya moto na chumvi.

Jumatano

Pariser Platz, mbele ya Lango la Brandenburg. Ubalozi wa Ufaransa kaskazini, wa Marekani kusini, katikati watalii na mtu aliyevaa nguo za dubu.

Wafaransa walifungua jengo lao Januari 2003, wakati wa kuadhimisha miaka 40 ya Mkataba wa Élysée, ule wa urafiki kati ya Ufaransa na Ujerumani. Wamarekani walifungua lao tarehe 4 Julai 2008, sikukuu yao ya uhuru, mbele ya George H. W. Bush, rais wao wa zamani, na Kansela Angela Merkel. Kiwanja kilikuwa chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vita ikaja, nyumba ikapotea, kisha Ukuta ukapita hapo karibu na kiwanja kikabaki upande wa mashariki, kitupu. Ukuta ulianguka 1989. Je, kwa nini taifa tajiri kama lile lichukue karibu miaka 20 kurudi kwenye uwanja wake?

Sehemu kubwa ya jibu haikutoka Berlin. Ilitoka kwetu.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, malori mawili yenye mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana kwa dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani kati yao wote walikuwa 12. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katikati ya mji, karibu na barabara, kama duka. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka lote. Kuna jambo ambalo mkadiriaji hawezi kulisahau: kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mlio mdogo, na watu katika maofisi ya karibu wakaenda madirishani kutazama. Vioo vikawakuta pale. Wengi waliopoteza macho siku ile walikuwa wamesimama kwenye dirisha.

Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ujenzi salama wa balozi. Kipimo chake kikuu kilikuwa futi 100, kama mita 30, kati ya jengo na mahali gari linapoweza kufika. Balozi mpya za Nairobi na Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2003, zilijengwa kwa kanuni hiyo: mbali na katikati ya mji, viwanja vikubwa, ukuta, nyasi tupu, kisha jengo. Lakini Pariser Platz mita 30 utazitoa wapi? Upande mmoja una uwanja wa umma, upande wa pili barabara, upande wa tatu majirani wamegusana kuta. Jiji na Wamarekani walibishana miaka na miaka. Mwishowe kanuni ikalegezwa kidogo, barabara za pembeni zikasogezwa kidogo, na nguzo za kuzuia magari zikasimikwa.

Nimezihesabu nguzo hizo. Naona haya kusema, lakini nimezihesabu, na nilipofika upande wa Behrenstraße askari mmoja akaja polepole kuniuliza natafuta nini. Nikamwambia mimi ni mkadiriaji majenzi. Akaniomba pasipoti. Akaitazama, akanirudishia, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nguzo zinatazamwa vizuri zaidi ukiwa ng'ambo ya barabara.

Nikavuka. Nikakaa pale mpaka baridi ikaniondoa. Mtalii anapita akiona jengo la rangi ya mchanga lenye madirisha madogo, anasema Wamarekani wamejenga ngome mbaya, na wahakiki wengi wa hapa walilisema hivyo hivyo lilipofunguliwa. Mimi nilikuwa naona lori. Kila nguzo mtaani hapa ina majina ya watu wa Moi Avenue, na hakuna aliyeyachonga. Nairobi pale palipokuwa na ubalozi sasa ni bustani ya kumbukumbu, na watu hukaa kwenye nyasi kula chakula cha mchana.

Shangazi akaniuliza usiku mbona niko kimya. Nikamwambia nimechoka.

Alhamisi

Wilhelmstraße, mtaa wa nyuma tu ya jana. Waingereza wako namba 70. Malkia Elizabeth II aliufungua ubalozi huu tarehe 18 Julai 2000. Msanifu wake, Michael Wilford, aliweka uso wa mawe kama majirani wanavyotaka, kisha akautoboa katikati na kuingiza kisanduku cha samawati na mviringo wa zambarau, kama mtu aliyevaa suti akaamua kuvaa na soksi za harusi. Mimi napenda. Kwa watu wa fani yangu jengo hili lina sifa nyingine: lilijengwa kwa fedha za kampuni binafsi, na serikali ikawa mpangaji wa muda mrefu. Ubalozi wenyewe unalipa kodi ya pango, sawa na shangazi.

Ilikusudiwa kuwa nyumba yenye uwazi. Tundu lile la ukutani lilikuwa la kuonyesha yaliyomo. Halafu mwaka 2003, baada ya ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Istanbul kulipuliwa, sehemu hii ya Wilhelmstraße ikafungwa kwa magari. Wanapita wa miguu na wa baiskeli. Waendesha teksi bado wanalalamika. Miaka mitatu tu baada ya malkia kufungua, barabara ikafungwa. Nimeandika kwenye daftari: "Wanafungua ubalozi, wanafunga njia." Kisha nikaona nimeandika kama methali nikaikata.

Nikaendelea kusini kwa dakika chache, na hapo nimefika mahali ambapo sikuwa nimepanga kukaa. Kwenye namba 92 ya leo, zamani 77, palikuwa na jumba la Kansela Bismarck. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 ulifanyika humo mkutano wa Berlin kuhusu Afrika. Jumba halipo. Yapo maghorofa ya makazi, na bango la kumbukumbu kando ya njia ambalo watu wengi wanalipita na mifuko ya sokoni. Hakuna Mwafrika aliyekaa mezani siku hizo.

Ubalozi wa Uingereza ulikuwa mtaa huu huu wakati huo, kiwanja kile kile nilichotoka. Waliinunua nyumba ya zamani mwaka 1884, mwaka wa mkutano. Balozi wao, Sir Edward Malet, ndiye aliyeiwakilisha Uingereza. Kwa hiyo asubuhi za baridi kama hii alikuwa akitoka mlango wake mpya na kwenda kugawana bara kwa umbali ambao mimi nimeutembea bila kufunga koti. Nimerudi nikaupima kwa hatua zangu. Sikuandika idadi. Kuna hesabu nyingine ukishaipata huna pa kuiweka.

Jioni nikapitia ubalozi wa Uswisi, karibu na Ofisi ya Kansela. Nyumba ya zamani, imebaki peke yake. Ile mipango ya Speer niliyoitaja Jumanne ilibomoa majirani zake wengi, vita ikamaliza waliobaki, yenyewe ikasimama. Mwaka 2001 ikaongezewa ubavu wa zege usio na urembo wowote. Wanaoishi Berlin wanauita ubavu huo majina mabaya. Mimi nimeuheshimu: hautaki kujifanya mzee.

Ijumaa

Mvua. Nimeenda kuona ubalozi wa Uholanzi ukingoni mwa Spree na nimelowa mpaka kwenye daftari.

Hawa walikataa kwenda Tiergarten kwa wenzao. Walichagua iliyokuwa Berlin Mashariki, na Malkia Beatrix akafungua jengo lao Machi 2004. Rem Koolhaas alichora mche wa kioo na chuma, na ndani yake njia moja ya mita 200 inapanda ikizunguka, inatokeza nje kidogo, inarudi ndani, mpaka juu ya paa. Mwaka uliofuata likapata tuzo ya usanifu ya Mies van der Rohe. Kutoka mtaani unaona mguu wa mtu ukitembea juu ya kioo, kisha unapotea. Mahali fulani njia hiyo inakata jengo ili mnara wa televisheni uonekane. Sikupata miadi ya kuingia, na kusema kweli ukiwa umelowa namna ile hakuna ubalozi ungekupokea.

Shangazi leo alikuwa ameenda kufuatilia pasipoti yake mpya. Nikamuuliza mlango ulikuwaje. "Mlango upi? Sisi tunaingia ule wa pembeni. Ule wa mbele nimeuona kwenye picha." Miaka yote hii, na ameshawahi kupita mlango wa mbele wa balozi za watu akiwa na sinia, lakini si wa kwao.

Jumamosi

Treni ya U2 mpaka kituo cha mwisho, Pankow, kisha tramu M1. Nimekuja kuona ubalozi ambao ulifunguliwa na hakuna aliyeufunga.

Huu ulikuwa ubalozi wa Iraq kwa Ujerumani Mashariki, umejengwa miaka ya 1970. Mwezi wa kwanza wa 1991, vita ya Ghuba ilipoanza na Ujerumani Mashariki yenyewe imeshaingia kaburini, wanadiplomasia waliondoka. Miaka mingi baadaye karatasi zilikuwa bado sakafuni, mashine za chapa, mafaili, makochi. Vijana wakaingia na kamera zao, wengine na viberiti. Nimesimama nje ya uzio. Madirisha meusi, zege limeota ukungu, mti umepitisha tawi kwenye roshani kama mtu anayechungulia.

Hapa Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa uhusiano wa kibalozi, unaeleweka kuliko kwenye kitabu. Watu husema ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine. Sivyo. Ardhi ni ya mwenyeji, na sheria zake zinatumika. Ila kifungu cha 22 kinasema maofisa wa mwenyeji hawaingii bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na wanawajibika kuulinda. Hata uhusiano ukivunjika, kifungu cha 45 kinamtaka mwenyeji aendelee kuyaheshimu na kuyalinda majengo na mali iliyoachwa. Ndiyo maana nyumba kama hii inaweza kuoza katikati ya mtaa wa watu nadhifu, kila mmoja akiona si yake kuigusa.

Kwenye tramu ya kurudi nilimfikiria Nyerere. Zanzibar ya mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki mapema 1964, na Wajerumani hao wakafungua ubalozi kisiwani. Ulipokuja Muungano mwezi Aprili, Ujerumani Magharibi ikasema haitaki kuwa mji mmoja na hao wenzao: chagueni. Dar es Salaam ikatafuta njia ya katikati, ubalozi ukashushwa ukawa konseli kuu, ofisi isiyo na hadhi ya ubalozi. Bonn haikuridhika, na Februari 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Yote hayo kwa sababu ya neno moja kwenye kibao cha mlangoni. Wajerumani wa Mashariki waliacha maghorofa Kikwajuni ambayo watu wanaishi hadi leo. Nchi iliyoyajenga haipo.

Jumapili

Kupumzika. Tumetembea na shangazi hadi Maji-Maji-Allee akapigwe picha chini ya kibao. Jirani kapita na mbwa, kasema "Mayi-Mayi" kwa furaha kabisa. Shangazi kanitazama, kaacha.

Jumatatu

Ndege ni saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nilitoka kununua betri, na kwa kukata njia ya mkato nikapita mtaa mmoja wa maofisi ya kawaida ambapo gari la kuhamisha mizigo limeegeshwa nusu juu ya njia ya miguu. Viti, mashina ya maua ya plastiki, picha ya kiongozi imefungwa kwenye blanketi. Mwanamke mwenye suti na raba anatoa maagizo huku simu iko begani.

Ulikuwa ubalozi mmoja unahamia jengo jipya. Jengo jipya, namaanisha ghorofa ya chini ya nyumba yenye daktari wa meno juu. Nchi siitaji, kwa kuwa sikuombwa niseme. Mkataba ule ule, kifungu cha kwanza, unasema nyumba ya ubalozi ni ile inayotumika kwa kazi ya ubalozi, iwe ya nani iwe ya nani. Kwa hiyo hicho chumba chini ya daktari wa meno kina kinga sawasawa na jumba la Pariser Platz. Hakukuwa na utepe wala nguzo za chuma. Huenda waziri atakuja baada ya miezi miwili na kijana mwenye saa mkononi.

Kazi iliyobaki ilikuwa nembo. Fundi alikuwa juu ya ngazi ameishika ukutani kwa mikono miwili, chuma cha duara kipana kama sinia la pilau. Yule mwanamke amefumbata skrubu nne kiganjani. Pima maji ilikuwa imeanguka chini, karibu na mguu wangu, na fundi hakuweza kuishukia bila kuiachia nembo. Akageuza shingo, akanitazama mimi, mtu pekee aliyesimama mtaani bila kazi, akaniuliza kitu kwa Kijerumani. Sikielewi, lakini swali lile halihitaji lugha.

Nikarudi nyuma hatua tatu, nikafumba jicho moja. Nikamwonyesha kwa mkono ashushe kidogo upande wa kushoto.